Kuokoa nyumba za kale mjini kwenu: mwongozo kwa kikundi cha mtaa

Mwongozo huu nawaandikia wakazi wa miji midogo ya pwani: Pangani kwetu, Kilwa Kivinje, Mikindani, Bagamoyo, na ndugu zetu wa Siyu na Pate kule Kenya. Ni miji iliyokuwa na bandari zenye shughuli, kisha biashara ikahamia kwingine na nyumba za mawe zikabaki. Hapa Pangani bado yapo maduka ya zamani yenye roshani za mbao juu ya barabara, na yapo mengine ambayo sasa ni kuta nne zenye mti katikati. Katika miji kama hii hakuna mamlaka maalumu ya mji mkongwe kama ile iliyoundwa Zanzibar mwaka 1985. Mtu anayeuona ufa kila siku ni jirani.

Hata pale mamlaka ilipo, jicho la jirani linahitajika. Beit el Ajaib, jumba maarufu la masultani kule Zanzibar, ilijengwa 1883 na imo ndani ya eneo la Urithi wa Dunia tangu 2000. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya mbele yake iliporomoka mafundi wakiwa kazini, na watu wawili wakafariki. Kwa hiyo ninapozungumzia nyumba za kale, nazungumzia pia watoto wanaocheza chini ya roshani hizo.

Kikundi chetu kilianza vibaya. Tulichanga fedha, tukapaka rangi uso wa nyumba moja inayopendwa na wageni, tukapiga picha tukiwa tumefurahi. Paa lilikuwa linavuja. Masika mbili zilipopita, rangi ilibanduka pamoja na lipu. Hatua zifuatazo zimepangwa kwa utaratibu ambao tungependa mtu angetuambia siku ile.

Hatua ya kwanza: tembeeni na kuandika

Kabla ya katiba na mhuri, na kabla ya kumwendea mtu yeyote kuomba fedha, tembeeni mtaa mzima. Watu watatu wanatosha: mmoja mwenye mwandiko unaosomeka, kijana mwenye simu yenye kamera nzuri, na mzee aliyekulia mtaa huo. Mzee huyo msimwache nyumbani. Yeye ndiye atakayewaambia kwamba ghala lile lilikuwa la mbata, kwamba chumba kile cha nyuma kiliongezwa baada ya harusi ya fulani, na kwamba kisima kilichofukiwa kipo chini ya ngazi. Habari ya kisima peke yake inaweza kueleza kwa nini ukuta mmoja unatitia.

Kila nyumba ipeni namba, kisha mwandike inatumikaje sasa, nani anakaa, nani anasemekana kuwa mwenyewe, paa ni la nini na liko katika hali gani, kuta zimepigwa lipu ya chokaa au ya saruji, maji ya mvua yanaelekea wapi, na kama kuna mti unaoota ukutani. Pigeni picha za pande zote mnazoweza kufika, pamoja na moja ya mbali inayoonyesha nyumba na majirani zake. Kwenye picha za nyufa wekeni futi au hata kalamu kando ya ufa ili ukubwa ujulikane.

Nyufa zinataka subira. Ufa wa miaka 60 ambao haujasogea hautishi kama ufa mwembamba wa mwaka huu. Mwashi mmoja mzee alitufundisha kupachika kiraka kidogo cha lipu juu ya ufa na kuchora tarehe kabla hakijakauka. Kiraka kikipasuka baada ya miezi michache, ukuta unatembea, na nyumba hiyo inapanda juu ya orodha. Kikibaki kizima baada ya masika na vuli, mna muda.

Milango ya kuchonga ipigeni picha peke yake: kizingiti, miimo, mfaa wa katikati, misumari, kila kitu. Pimeni urefu na upana. Milango huondoka usiku, au huuzwa mchana na mrithi mwenye shida kwa mnunuzi anayelipa taslimu. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania Bara, Sura 333, inaitaja milango hii waziwazi: mlango au fremu ya mbao iliyochongwa nchini kabla ya 1940 kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki ni kitu kinacholindwa, na haupelekwi nje ya nchi bila kibali. Picha yenye vipimo na tarehe ndiyo itakayomsaidia polisi au ofisa wa forodha. Maneno matupu ya kwamba ulikuwa mlango mzuri hayatamsaidia.

Tafuteni pia picha za zamani. Chuo Kikuu cha Northwestern huko Marekani kimeweka mtandaoni mkusanyo wa Winterton, maelfu ya picha za Afrika Mashariki za kati ya 1860 na 1960. Mkitafuta kwenye hifadhi za Ujerumani, jaribuni tahajia zao za wakati ule, kama Bagamojo na Daressalam. Picha moja ya mtaa wenu ya mwaka 1900 itawaonyesha roshani ilivyokuwa kabla haijazibwa kwa matofali. Mkiipeleka barazani, wazee nao watakumbuka mengine.

Hatua ya pili: undeni kikundi kidogo

Watu 10 hadi 15 wanatosha. Msiwachukue waheshimiwa watupu. Mnahitaji mwashi au seremala anayefanya kazi kwa mikono yake, mwalimu wa historia, mtu wa msikiti, mwenye duka katika nyumba ya kale, mama anayekaa ndani ya mojawapo ya nyumba hizo, na kijana wa kushughulikia picha na kumbukumbu. Kwetu akina mama wamekuwa wa lazima kwa sababu nyingine pia: wao ndio wanaoingia ndani ya nyumba za watu. Hali ya dari ya chumba cha ndani sisi wanaume tungeijua siku imeshaanguka.

Kuhusu usajili, anzeni chini. Kikundi cha kijamii husajiliwa halmashauri kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii, na kwa miaka ya mwanzo hiyo inatosha kufungua akaunti na kuandikiana mikataba midogo. Baadaye mkitaka kufanya kazi nje ya wilaya au kupokea fedha za nje, mtaangalia usajili wa shirika lisilo la kiserikali chini ya sheria ya 2002. Mkitaka kikundi kimiliki jengo kwa jina lake, mtahitaji bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini. Vikundi vingi huanza na ngazi ya juu kabisa, vikamaliza nguvu zote kwenye makaratasi wakati bati zinaendelea kuvuja.

Ndani ya katiba wekeni vifungu viwili ambavyo watu huvisahau. Cha kwanza: watia saini wa benki wawe watatu, wasiwe wa ukoo mmoja, na risiti za kila kazi zibandikwe mahali pa wazi. Cha pili: mwanakikundi yeyote anayetaka kununua au kudalali nyumba iliyo kwenye orodha atangaze mapema na ajitoe kwenye kamati. Mkianza kukusanya habari za nani anadaiwa na nani amechoka na nyumba yake, mnakuwa mmeshika siri zenye thamani ya fedha. Uaminifu ukivunjika hapo mara moja, hamtafunguliwa mlango tena.

Tanga mjini wako wakazi waliounda chama cha Urithi na kuligeuza boma la zamani la Wajerumani kuwa makumbusho ya mji. Kama mko mkoa huu, nendeni mkawaone kabla ya kuandika katiba yenu. Siku moja ya kutembeleana ina faida kuliko semina ya wiki.

Hatua ya tatu: mjueni mwenye nyumba

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapa ndipo nitakaa zaidi. Kwa tuliyoyaona sisi, nyumba nyingi zilizoanguka zilikuwa na watu wa kuzitengeneza na hata fedha kidogo. Kilichokosekana ni mtu wa kusema ndiyo.

Wenye nyumba huwa wa aina nne. Kuna nyumba ya ukoo iliyobaki mirathi isiyogawanywa. Babu alijenga, akazaa tisa, nao wakazaa, na leo warithi wanaweza kufika 40, wako Dar es Salaam, Mombasa, Maskati na Kanada, huku mjini akiwa amebaki bibi mmoja na wajukuu. Msimamizi wa mirathi ama hakuteuliwa kamwe, ama alifariki na hakubadilishwa. Kuna nyumba ya wakfu, ambayo ina mtawalli wake, yaani msimamizi wa wakfu, na masharti ya yule aliyeiweka, na masharti hayo lazima yasomwe kwanza. Kuna nyumba ya serikali au ya halmashauri. Na kuna zile zilizotwaliwa kwa sheria ya 1971, iliyochukua majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Hizo zilikuwa chini ya Msajili wa Majumba hadi 1990 zilipohamishiwa Shirika la Nyumba la Taifa. Katika mitaa ya maduka mtazikuta za aina hii, na barua yenu itakwenda kwa meneja wa mkoa.

Mambo ya 1971 yanaeleza pia kwa nini baadhi ya familia hushtuka zikisikia neno urithi wa taifa. Ukimwambia mtu nyumba yake ni mali ya historia, anachosikia ni kwamba inachukuliwa. Sisi neno hilo tumeacha kulitumia mlangoni kwa mtu. Tunazungumzia paa.

Mkienda, nendeni wawili au watatu, mmoja wao akiwa mtu anayefahamika na nyumba hiyo. Msiende na kamera siku ya kwanza. Nakumbuka ziara yetu kwa bibi mmoja wa zaidi ya miaka 80. Tulipiga hodi, tukamwamkia, tukaketi barazani, kahawa ikaletwa na kuzungumzwa habari za wagonjwa na mvua. Baadaye yeye mwenyewe akatuuliza, "Wanangu, mnaitaka nyumba?" Mwenzetu akajibu, "La, bibi. Tunataka chumba chako kisivuje." Akacheka, akanyanyuka, akatuonyesha ndoo tatu alizozitega chini ya dari. Nyumba ile ikawa ya kwanza kuitengeneza vizuri.

Kwa nyumba za mirathi, shikeni kanuni moja: makubaliano ya kuziba paa si makubaliano ya kugawana. Semeni hivyo tangu mwanzo na mrudie mara nyingi, maana mrithi aliye mbali huogopa kwamba akiruhusu ukarabati, yule anayekaa ndani atakuja kudai nyumba ni yake kwa kuwa aliitengeneza. Chora mti wa ukoo pamoja nao. Ombeni ndugu mmoja anayeheshimiwa na pande zote aanzishe kundi la simu la warithi, kisha nyinyi mpeleke picha za kila wiki: hapa paa, hapa boriti iliyooza, hapa risiti. Tumeona ndugu waliokosana miaka mingi wakituma fedha za bati baada ya kuona picha ya chumba walichozaliwa kikiwa na maji.

Ugomvi wa mafungu waachieni wao, mahakama na masheikh wao. Kikundi kikipendelea upande mmoja, hata kwa nia njema, kimekwisha.

Kisha andikeni. Ukurasa mmoja unatosha: kazi gani itafanywa, nani analipa nini, kazi hii haibadilishi haki ya yeyote katika nyumba, mlango na roshani haviondolewi, kikundi kitaruhusiwa kukagua mara mbili kwa mwaka, na kwa nyumba yenye duka, kodi haitapanda kwa muda fulani mliokubaliana. Waweke saini mkazi, msimamizi wa mirathi kama yupo, na warithi wengi iwezekanavyo, mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa.

Hatua ya nne: sheria, kwa kiasi chake

Tanzania Bara, jengo lililojengwa kabla ya 1886 linahesabiwa kuwa kumbukumbu chini ya Sura 333. Maboma mengi ya Wajerumani ni ya baada ya hapo, na vivyo hivyo maduka mengi ya wafanyabiashara wa Kihindi. Hayo yanalindwa pale tu waziri anapotangaza hivyo katika Gazeti la Serikali. Kwa hiyo msidhani kila jengo zee limelindwa. Ulizeni Idara ya Mambo ya Kale, iliyo chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii, ni majengo gani ya mji wenu yaliyotangazwa, na mwombe jibu la maandishi. Jengo lililolindwa haliguswi bila kibali chao, hata kwa ukarabati.

Upande wa halmashauri mna watu watatu wa kujenga nao urafiki: ofisa mipango miji, mhandisi wa ujenzi na ofisa utamaduni. Wapeni nakala ya orodha yenu yenye picha. Ofisa mipango miji anapoletewa ombi la kubomoa, awe na karatasi mezani inayomwambia nyumba namba 14 ni ipi. Halmashauri inaweza kutunga sheria ndogo za kulinda sura ya mtaa, lakini hilo huchukua muda na hufanikiwa pale madiwani wanapoona wapiga kura wanalitaka.

Zanzibar ina sheria na mamlaka zake. Kenya hufuata sheria ya 2006 ya makumbusho na urithi, na mlango wa kuanzia ni ofisi ya Makumbusho ya Taifa iliyo karibu nanyi.

Hatua ya tano: zuieni maji

Sasa fundi anaweza kuingia. Kazi ya kwanza ni maji, na ya pili ni maji vilevile. Ukuta wa mawe na chokaa wenye unene wa nusu mita unaweza kusimama karne mbili ukiwa mkavu juu na chini. Ukilowa kichwani, udongo na chokaa vilivyo katikati huoshwa, mawe yanalegea, na kipande kizima kinashuka.

Anzeni na paa. Bati moja lililoinuka na misumari iliyotoka vinatengenezwa kwa siku moja. Kama hakuna fedha ya paa zima, funikeni vichwa vya kuta kwa bati chakavu lililobanwa kwa mawe, au kwa tabaka la chokaa lenye mteremko. Hiyo ni kinga ya muda, na imeokoa kuta za nyumba ambazo warithi wake bado wanazungumza.

Kisha tazameni chini. Barabara zetu zimeinuliwa kila zilipochongwa, na leo nyumba nyingi ziko chini ya barabara. Maji ya mtaa mzima yanaingia barazani. Mtaro mfupi unaoyapeleka kando ni kazi ya vijana sita na majembe, na faida yake mtaiona masika ya kwanza.

Miti inayoota ukutani, hasa ya jamii ya mitini, msiing'oe kwa nguvu. Mizizi imeshashika mawe, na ukivuta unabomoa. Kateni shina, chomoeni mizizi midogo polepole, iliyo minene iueni ikiwa ndani ya ukuta, kisha jazeni matundu kwa mawe madogo na chokaa.

Ukuta uliopinda au uliotoa tumbo ni wa mhandisi. Uegemezeni kwa magogo, zungusheni kamba, ondoeni watu, na kazi isianze kabla hajaja. Usalama wa fundi unatangulia jengo lolote.

Hatua ya sita: chokaa, si saruji

Hili ndilo linalobishaniwa kuliko yote, kwa sababu saruji inauzwa kila duka na fundi kijana hakufundishwa kingine. Elezeni sababu, na watu wataelewa. Jiwe la matumbawe lina vitundu vingi. Hunyonya unyevu kutoka ardhini na kuutoa taratibu kupitia lipu ya chokaa. Ukilivika saruji, unyevu unakosa pa kutokea, unapanda juu zaidi, na chumvi inajikusanya nyuma ya lipu hadi jiwe linageuka unga. Gongeni kwa kifundo cha kidole nyumba yoyote ya kale iliyopigwa saruji miaka 10 iliyopita. Mahali pengi mtasikia mlio wa utupu. Rangi za plastiki hufanya madhara yaleyale. Ukuta wa namna hii hupakwa chokaa ya maji.

Zamani chokaa ilichomwa hapahapa. Mawe yalipangwa juu ya tanuri la magogo, yakaungua usiku kucha, kisha yakazimwa kwa maji. Leo siwashauri kuanza na hilo, maana linakula kuni nyingi, na matumbawe hai hayaguswi kabisa. Nunueni chokaa ya mifuko, hapa kwetu inatoka Tanga. Ilowekeni kwenye pipa au shimo lililofunikwa, iwe uji mzito, ikae wiki kadhaa. Ikikaa zaidi inazidi kuwa laini. Mkipata chokaa ambayo haijazimwa, mzimaji avae miwani na glavu na awe na maji safi kando yake, kwani inachemka na inapofusha.

Kwa lipu, kipimo cha kuanzia ni chokaa moja kwa mchanga tatu. Mchanga uwe wa mtoni, uliochekechwa. Wa ufukweni una chumvi, na chumvi ndiyo adui tunayemkimbia. Lowesheni ukuta kwanza, pigeni tabaka jembamba lisilozidi unene wa kidole, liacheni lishike, kisha la pili. Fundi wa saruji atataka kumaliza kwa siku moja. Chokaa haiendi hivyo. Inataka kivuli, magunia mabichi ya kuifunika, na kunyunyiziwa maji asubuhi na jioni kwa siku kadhaa. Ikikauka haraka kwa jua la mchana, inapasuka kama matope ya dimbwi.

Jaribuni kwanza ukuta mfupi wa uani, ambao hakuna atakayeuhuzunikia. Mkosee hapo. Mwiteni mwashi mzee asimamie na vijana wawili wajifunze kwake, na mlipeni yeye kama mwalimu. Kwetu wamebaki wachache sana wanaojua kazi hii, na mmoja wao alifariki kabla hatujakaa naye hata siku moja. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Kuhusu boriti: vyumba vya nyumba za kale ni vyembamba na virefu kwa sababu boriti ya mikoko haivuki mbali zaidi ya kiasi cha mita tatu. Kinachooza kwanza ni ncha iliyozama ukutani, mahali ambapo maji ya paa yanashukia, kwa hiyo toboeni hapo kwa msumari kabla ya kuamini kwamba boriti ni nzima. Mikoko ya Tanzania ni hifadhi ya misitu, na kukata au kununua nguzo zake kunahitaji kibali cha TFS, wakala wa serikali wa huduma za misitu. Kama kibali kimekwama, mbao ngumu iliyopasuliwa na kutiwa dawa inafanya kazi vizuri. Msikubali kamwe kumwaga zege juu ya kuta hizi badala ya dari ya boriti. Uzito huo hazikujengewa.

Hatua ya saba: fedha, na nyumba itatumikaje

Nyumba isiyokaliwa inarudi kuwa gofu, hata ikarabatiwe namna gani. Ulizeni mapema nani atakuwa ndani. Mikindani, boma la Wajerumani la 1895 lilikarabatiwa na shirika la hisani la Uingereza la Trade Aid, likawa hoteli inayofundisha vijana wa hapo kazi. Ni mfano mzuri, ila si kila mji una wageni wa kujaza vyumba. Kwa mji mdogo mimi naona matumizi ya kawaida ndiyo salama: duka, cherehani, chuo cha watoto, ofisi ya ushirika, mama ntilie chini na familia juu.

Anzeni na michango ya vitu. Mmoja atoe bati, mwingine mchanga, mwenye lori safari moja. Wapangaji wa maduka mara nyingi wako tayari kulipia ukarabati iwapo mwenye nyumba atawakatia katika kodi, na mkataba wenu wa ukurasa mmoja ndio mahali pa kuandika hilo. Mkishamaliza nyumba mbili au tatu, zenye picha za kabla na baada na risiti zote, nendeni kwa wafadhili. Zanzibar, Aga Khan waligharimia ukarabati wa Zahanati ya Kale na bustani ya Forodhani, na balozi mbalimbali zimesaidia kazi za urithi nchini. Wote huuliza mmefanya nini tayari. Fedha nyingi zikija mapema, kabla hamjajua kipimo cha chokaa na tabia ya warithi, zitaharibu ukuta na kikundi pamoja.

Kalenda ya kila mwaka

Februari, kabla ya masika: pandeni kwenye paa zote za orodha, gongomeeni misumari, safisheni mifereji, zibueni mitaro. Wakati mvua inanyesha, vaeni makoti mpite mtaani saa hiyohiyo, maana uvujaji huonekana vizuri zaidi ukiwa unatokea. Juni, ukuta ukianza kukauka, angalieni viraka vya nyufa na mwandike tarehe. Julai hadi Septemba ndio msimu wa lipu na kupaka chokaa. Oktoba rudieni ukaguzi wa paa kabla ya vuli. Desemba wanafamilia wanaporudi likizo, waalikeni barazani, wekeni orodha na picha mezani, na mkubaliane nyumba ipi inafuata.